Likizo, Kiangazi na Kamera: Filamu Huru katika Njia ya Misafara ya Tabora

Mtengenezaji wa filamu wa muda wa ziada, yaani mtu anayepata riziki yake katika ajira nyingine na ambaye filamu zake hazidhaminiwi na studio wala kampuni kubwa ya usambazaji, kwa kawaida hupimwa kwa fedha alizozikosa, ilhali kinachoamua sura ya kazi yake kuliko kitu kingine chochote ni muda. Kamera huazimwa, waigizaji hujitolea, na nauli huchangwa na ndugu na marafiki, lakini siku ikishapita hakuna wa kuikopesha. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa nchini Tanzania ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na kwa mwalimu siku hizo huangukia shule zinapofungwa, hasa mwezi Juni na mwezi Desemba. Humo ndimo vinamopaswa kuingia safari, mazoezi, upigaji wa picha na hata homa ya ghafla ya mwigizaji mkuu. Swali la kiufundi, kwa hiyo, ni namna ya kupanga hadithi, mahali, waigizaji na vifaa ili vyote vitoshe katika kipimo hicho, na swali hilo lina uzito wa pekee kwa Tabora, ambako historia ya njia ya misafara ni mali ghafi ya filamu nyingi zinazosubiri kutengenezwa.

Kazi za Josiah Kibira zinafaa kuchunguzwa kwanza. Mtanzania huyu aishiye Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ni mtoto wa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye aliliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Nje kabisa ya mfumo wa studio za Marekani, na mbali na soko la video lililokuwa likichipuka Dar es Salaam wakati huohuo, Kibira alitoa filamu tatu ndefu: Bongoland mwaka 2003, inayomhusu Juma, mhamiaji anayehangaika na kazi na vibali vya ukaazi, Tusamehe mwaka 2005, inayohusu familia iliyokumbwa na UKIMWI, na Bongoland II mwaka 2008, ambamo Juma anarudi nyumbani na kukuta kwamba kurudi nako kuna mitihani yake. Mpangilio wa filamu hizi una mantiki ya kiufundi inayostahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu unaonyesha mtu aliyejua mipaka yake na kuigeuza kuwa mbinu.

Jambo la kwanza ni kwamba mandhari ya Bongoland, yaani mahali ambapo matukio yanaonekana kutokea, ni yale ambayo mhamiaji huyafikia kila siku: chumba cha kupanga, sehemu ya kazi, barabara ya mji wenye baridi, sebule ya rafiki. Hadithi ya namna hiyo haihitaji kujengewa chochote, na mwongozaji anaweza kupiga onyesho moja leo na jingine baada ya siku kadhaa bila mahali penyewe kubadilika. Jambo la pili ni lugha, kwani filamu iliyotengenezwa katikati ya Marekani ilizungumza Kiswahili, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa na wa kiufundi kwa pamoja, kwa kuwa ulimruhusu mwongozaji kuwatumia watu wa jumuiya yake ambao hawakuwa waigizaji wa kusomea, lakini ambao katika lugha yao wenyewe walijua mahali pa kunyamaza, mahali pa kuitikia na namna ya kumkatiza mkubwa bila kumvunjia heshima. Mtu asiyezoea kamera akilazimishwa kuigiza katika lugha ya kukopa, uso wake hushughulika na sarufi badala ya kushughulika na jambo analolisema, na kosa hilo haliondolewi na mhariri yeyote.

Jambo la tatu ni mfuatano wenyewe. Kibira hakuanza kwa kusafirisha watu na vifaa hadi Tanzania. Alianza na kilichokuwa mlangoni pake, na filamu ya kurudi nyumbani ikaja miaka mitano baadaye, ikiwa na mhusika ambaye watazamaji walikwisha kumfahamu na hakuhitaji kuelezwa upya. Kwa mtengenezaji wa muda wa ziada, mhusika anayeendelea kutoka filamu moja hadi nyingine ni akiba ya kazi, maana sehemu kubwa ya muswada, yaani maandishi yanayoeleza kila onyesho na maneno yake, hutumika kumjulisha mtazamaji nani ni nani.

Upande wa pili wa mfano huu uko katika vyuo vikuu, ambako kwa miongo kadhaa filamu za Kitanzania zenye uzito zimeshikwa na watu wanaofundisha. Maangamizi, filamu iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, iliyowasilishwa na Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar mwaka 2001, ilimtegemea Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika nafasi ya Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye ukimya wake ndio unaobeba filamu. Mhando naye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia. Filamu iliyofuata kuwasilishwa na Tanzania katika tuzo hizo, Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliongozwa na Amil Shivji, ambaye naye amefundisha filamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ishirini hivi kati ya kazi hizo mbili inaeleza kwa ukali hali ya nchi ambayo filamu ndefu za aina hii zinategemea watu wenye kazi nyingine ya kufanya asubuhi.

Njia ya misafara yenyewe imepata filamu, lakini zilizotazamwa na walimwengu wengi zilitengenezwa na wageni, na mara nyingi mbali na njia hiyo. Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, ya mwaka 1990, inayosimulia safari ya Richard Burton na John Hanning Speke iliyoondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo, ilipigwa picha Kenya na Uingereza, na kabla yake Hollywood ilikuwa imetoa Stanley and Livingstone mwaka 1939. Katika filamu za mkondo huu kamera hutembea na Mzungu, na mpagazi hupita mbele yake kama sehemu ya mandhari. Si haki kuulaumu umbali wa maeneo ya kupigia picha peke yake. Tatizo la msingi ni mahali kamera inaposimama, na hilo linaweza kurekebishwa na mtu mwenye kamera ndogo kuliko zote, mradi aamue kwamba mwenye mzigo ndiye mwenye hadithi.

Hapo ndipo hali ya mtengenezaji wa muda wa ziada inapogeuka kuwa nguvu. Upagazi wa Wanyamwezi katika karne ya 19, ingawa palikuwepo pia watu walioufanya mwaka mzima, kwa wengi ulikuwa kazi ya msimu: mavuno yakishaingia ghalani na mvua kukatika, vijana waliondoka Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na nchi jirani wakishuka pwani na pembe za ndovu, na wengi wao walikusudia kurudi kabla ya mvua za kupandia. Mtu anayetumia likizo ya Juni kupiga picha za wapagazi anafanya kazi katika majira yaleyale waliyosafiri wao, nyasi zikiwa zimekauka, mabua ya mtama yakiwa yamelala shambani na vumbi likifuata miguu, kwa hiyo kalenda ya shule inamletea bure kile ambacho kampuni kubwa ingekilipia.

Kuhusu mwanga, manufaa ni makubwa zaidi ya hayo. Tabora iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta, katika mwinuko wa kama mita 1,200, na mwezi Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, nyuzi kama 62 kutoka upeo wa macho, hivyo hata saa sita mchana uso wa mtu aliyeelekea kaskazini hupata mwanga wa mbele badala ya kivuli kizito chini ya nyusi. Mwanzoni mwa Oktoba jua huwa karibu utosini na macho ya waigizaji hugeuka kuwa mashimo meusi. Oktoba ina zawadi yake, kwa kuwa miti mingi ya miombo, ule msitu wa miti ya familia ya mtundu na mninga unaofunika nchi ya Unyamwezi, huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba kabla ya mvua. Lakini zawadi hiyo ina hatari ya kuvunja mwendelezo, yaani ulinganifu wa picha za onyesho moja zilizopigwa siku tofauti, kwani mti uliokuwa mtupu Jumamosi moja huweza kuwa umevaa majani Jumamosi ya pili. Anayepiga picha mwishoni mwa wiki tu hana budi kuuepuka mwezi huo, au aupangie onyesho moja linalokwisha siku ileile.

Misafara ilizoea kuondoka alfajiri na kutua kabla jua halijakuwa kali, na ratiba hiyo haitofautiani na ile ambayo mpiga picha makini angeichagua, kwa maana mwanga ulioinama wa asubuhi huchora mikunjo ya nguo na vumbi la njiani, ilhali saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri zinafaa kwa mazoezi, chakula na maonyesho ya ndani. Tatizo la msafara katika filamu ya fedha kidogo ni wingi wa watu, kwa sababu misafara mikubwa ilihesabu wapagazi kwa mamia na mtengenezaji huyu atapata jamaa kumi na tano. Suluhisho halimo katika kuwarudufisha watu kwa kompyuta, kazi inayokula usiku mwingi wa mhariri, bali katika kuipeleka kamera chini na karibu: nyayo, magongo, kamba za mizigo, kisha sauti ya ngoma na baragumu ya kirangozi, kiongozi wa mbele wa msafara, ikitoka upande usioonekana. Sikio huhesabu watu wengi kuliko jicho.

Mzigo wenyewe unadai uaminifu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16, hivyo mtu alitembea na kilo thelathini na zaidi begani au kichwani. Wasanii wa video hupenda kufunga boksi tupu ndani ya shuka, na hapo hapo udanganyifu unaonekana: shingo ya mwigizaji haikazi, hatua yake haifupiki, na akitua mzigo anautua kwa mkono mmoja. Mfuko wa mchanga wa kilo kumi na tano uliofungwa ndani ya merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyokuwa fedha ya njia hii pamoja na kaniki na shanga, unatosha kuurudisha uzito katika mwili bila kumwumiza mtu, na unapaswa kubebwa kwa vipande vifupi vya njia, si kwa siku nzima.

Nyumba ya kupigia picha ipo. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambamo Henry Morton Stanley na David Livingstone walifika pamoja Februari 1872 na ambamo Livingstone aliendelea kukaa hadi Agosti mwaka huo baada ya mwenzake kuondoka tarehe 14 Machi, limejengwa upya na kuhifadhiwa kama makumbusho. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa na kuta nene zinazozunguka ua, na kwa kamera ni mahali pagumu: ua unang'aa, vyumba vina giza, na kamera ndogo haiwezi kuushika mwanga wa pande zote mbili kwa mara moja. Njia rahisi ni kumketisha mwigizaji hatua mbili ndani ya mlango, kutandika shuka nyeupe juani nje ya fremu ili irudishe mwanga laini usoni, na kukubali kwamba kona ya chumba itapotea gizani, jambo ambalo kwa nyumba ya mwaka 1872 ni ukweli wenyewe. Kibali lazima kiombwe mapema kwa wanaosimamia mambo ya kale, ambayo yanalindwa kwa sheria ya mwaka 1964, sambamba na kibali cha Bodi ya Filamu kinachotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Barua hizi huandikwa miezi kadhaa kabla ya likizo, kwa kuwa zikichelewa likizo nzima huliwa na ofisi.

Sauti ndiyo inayozishusha filamu huru nyingi. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini hamvumilii mzee wa mwaka 1873 anayezungumza huku bodaboda ikipita nyuma yake. Kipaza sauti kidogo kilichofichwa kifuani chini ya kanzu husuguliwa na nguo, na kile cha juu ya kamera hukusanya ua mzima. Kinachofaa ni kipaza sauti cha mtini, yaani kilichofungwa kwenye fimbo ndefu na kushikwa juu kidogo ya kichwa cha mwigizaji, kikivikwa kitambaa chenye manyoya cha kuzuia upepo wa kiangazi. Kila onyesho likimalizika, watu wote wanyamaze dakika moja ili utulivu wa mahali pale unaswe wenyewe, kwani ndio utakaoziba mapengo wakati wa uhariri. Kazi hii haigharimu kitu, na ajabu ni kwamba inasahauliwa mara kwa mara.

Maneno ya kuwapa waigizaji hayana haja ya kutafutwa kwa Burton wala kwa Stanley. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na simulizi hiyo ilichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Carl Velten alitoa mwaka 1901 mkusanyo wa safari za Waswahili, ikiwemo ile ya Sleman bin Mwenye Chande aliyeelekea bara akipitia Tabora. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika desturi za Waswahili, za safari zikiwemo. Katika maandishi haya mwandishi wa muswada atapata namna watu wa njia walivyodaiana hongo, yaani malipo kwa mtemi ili msafara upite, walivyogombania posho na walivyopeana heshima. Ni hasara kwamba hazina hiyo husomwa zaidi na wanaisimu kuliko na waandishi wa filamu, maana mazungumzo yake yana kasi na ukavu ambao Kiswahili cha tamthilia za runinga kimeupoteza.

Miongoni mwa miradi inayoweza kuanza mara moja, ulio bora ni ule wa Oktoba 1873. Livingstone alikwisha kufariki mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, na watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, akiwemo Halima mpishi, wakaukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Walipofika Kwihara walimkuta Verney Lovett Cameron na wenzake, waliokuwa wametumwa kumsaidia marehemu, wakiwa wamedhoofishwa na homa, na Cameron akashauri mwili uzikwe palepale, wabebaji wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, walipoona kwamba watu wa njiani wangezuia maiti isipite, walifunga bandia ya mabua wakaituma nyuma kana kwamba inarudi kuzikwa Unyanyembe, nao wakaufunga mwili halisi kama robota la kitambaa na kusonga mbele, wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Kiufundi tukio hili linaingia vizuri ajabu katika likizo ya mwalimu. Onyesho la kwanza ni mabishano ndani ya nyumba moja, la pili ni kazi ya kufunga bandia usiku msituni kwa mwanga wa moto na taa moja iliyofichwa nyuma ya mti, na la tatu ni kuondoka alfajiri. Kwa kanuni ya watengenezaji kwamba ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, kurasa ishirini kwa mwendo wa kurasa nne kwa siku zinadai siku tano za kupiga picha, na zinazosalia zinabaki kwa mazoezi na dharura. Ikiwa kila dakika ya filamu itatokana na dakika sita za picha, zitapatikana saa mbili za picha, ambazo katika kamera ya kawaida inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde ni kama gigabaiti 90, kiasi kinachoingia katika diski mbili za bei ya kawaida, na ni lazima ziwe mbili, zikilala katika nyumba mbili tofauti. Cameron anaweza kusikika kutoka chumba cha ndani, akikohoa na kutoa amri kitandani, bila uso wake kuonekana hata mara moja. Gharama inapungua, na kamera inabaki kwa Susi na Chuma, ambao ndio walioamua.

Uhariri utafanywa usiku, baada ya kazi, kwa miezi mingi, na huku ukiendelea mradi unaofuata unaweza kuandikwa kwa kufuata kalenda ileile. Mapigano ya Septemba 1916, yaliyoiweka Tabora mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, yanaangukia shule zikiwa wazi na yanadai sare na bunduki nyingi mno, hivyo yasubiri. Kifo cha mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipoingia, kilitokea katika majira ya mvua, nyasi zikiwa ndefu na udongo mwekundu ukiwa umelowa, na likizo ya Desemba inayaleta majira hayo yenyewe. Mlipuko usionyeshwe, kamera ibaki na wanawake wa ikulu walio nje wakisikiliza, na fundi wa sauti apewe wiki nzima ya kuutengeneza.